Ramani isiyohitaji bando: inatosha kuendeshea gari Dar?

Mleta mada: Tangu Januari nimeachana na Google Maps, natumia Organic Maps. Unapakua ramani ya Tanzania mara moja kwa waifai, unazima data, unaondoka. Haitaki akaunti, haina matangazo, wala hakuna anayeandika kwamba Ijumaa saa nne usiku nilikuwa Sinza. Wengi hudhani GPS inakula bando. Haili. Simu inapokea tu mawimbi ya setilaiti, haiyarudishii kitu. Msimamo wangu: mwenye gari binafsi hana sababu ya kuikabidhi kampuni ya Marekani shajara ya safari zake. Mnasemaje?

Dereva wa Kimara: Mkuu, wewe hupiti Ubungo jioni. Ramani yako haijui foleni. Ile mistari myekundu ya foleni kwenye Google unadhani inatoka wapi? Kwenye simu zetu sisi tunaofuatiliwa! Masika Jangwani ikijaa maji, hata mwendokasi husitisha safari, yako itakupeleka mpaka miguuni kwa trafiki. Halafu mimi niko teksi mtandao: nikizima lokesheni sipati abiria. Faragha ni ya wenye mshahara.

Mama Mbegu: Nyie wa mjini mnagombania foleni. Mimi napeleka mbegu vijijini Kilombero, kuna mahali mtandao unakata kabisa, na ramani ya kwenye simu ndiyo mwenzangu. Ila isitukuzwe sana. Mwaka jana ilinipeleka kwenye njia ya ng'ombe nikiwa na kirikuu imejaa, nikarudi kinyumenyume karibu nusu saa. Uzuri wake, ramani hizo zinatoka OpenStreetMap, mtu yeyote anaweza kusahihisha. Niliisahihisha ile njia mwenyewe. Hata vichochoro vya Tandale mnavyoviona humo vilichorwa na watu: mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015, wanafunzi wa vyuo na wakazi wakatembea mtaa kwa mtaa, mpaka mifereji wakaichora kwa ajili ya mafuriko.

Fundi Simu: Faragha gani na laini imo ndani ya simu? Zima data, mnara bado unajua uko upande gani.

Mleta mada: Fundi, kweli. Lakini mnara unajua niko maeneo ya Sinza, haujui nimeegesha mlango gani. Na kampuni ya simu nimeshaijua. Sioni kwa nini niongeze mfuatiliaji wa pili. Mama, pole na kirikuu, hilo la kusahihisha sikulijua, leo naanza na mtaa wetu.

Dereva wa Kimara, kwenye foleni umenishika. Siku ya kuwahi uwanja wa ndege huwa naifungua Google kwenye kivinjari, natazama wekundu uko wapi, nafunga.

Dereva wa Kimara: Aaah! Kumbe unakula tulichopika sisi. Tuma basi hela ya bando.