Nani asimamie ugawaji wa anwani za intaneti: mamlaka ya nchi au sajili ya kanda?

Fundi_Sinza:
Ndugu zangu, ninafanya kazi katika kampuni ndogo inayosambaza intaneti kwa maduka na ofisi za Sinza na Kijitonyama. Anwani za IPv4 tulizonazo, yaani namba za mfumo wa zamani zinazotambulisha vifaa kwenye intaneti, hazitoshi, hivyo wateja wengi wanatumia anwani moja, na mmoja wao akituma barua pepe taka wote wanazuiwa na tovuti za nje. Kwa Afrika, mgawaji ni AFRINIC, sajili ya kanda yetu iliyoko Mauritius. Mwaka 2021 mahakama ya huko ilizuia akaunti zake za benki kutokana na mgogoro na mwanachama wake mmoja, kisha ikafika mahali bodi yake haikutimiza akidi. Kwa nini kazi hii isikabidhiwe TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ambayo tayari inagawa masafa ya redio na namba za simu?

Nyaya_Kariakoo:
Mkuu, swali lako ni zito, lakini mfano wa namba za simu unapotosha. Namba ya simu inaanza na 255, na sehemu inayofuata ni yetu kuipanga tutakavyo. Anwani ya IP haina msimbo wa nchi. Ruta (kifaa kinachoelekeza data) iliyoko Tokyo inahitaji tu kuwa na hakika kwamba anwani hiyo haikusajiliwa kwa mtu mwingine popote duniani. Kwa hiyo kinachosimamiwa hasa ni daftari la nani ana anwani zipi, na daftari hilo lazima liwe moja. Zamani lilitunzwa na mtaalamu wa kompyuta Jon Postel huko California. Mwaka 1998, mwaka aliofariki, shirika la ICANN liliundwa kulibeba, na tarehe 1 Oktoba 2016 usimamizi wa serikali ya Marekani ulikoma. Chini yake ziko sajili tano za kanda. Yetu, AFRINIC, ilitambuliwa mwaka 2005, na kabla ya hapo waombaji wa Afrika walielekezwa kwenye sajili za Ulaya na Marekani.

Kuna jambo jingine linalosahauliwa: hazina kuu ya IPv4 iliisha Februari 2011. TCRA ikipewa kazi hiyo leo, itagawa nini? Hakuna mahali pa kuchota fungu jipya la nchi.

Mama_Mitandao:
Ninakubaliana nawe kuhusu daftari, ila si kweli kwamba nchi haiwezi kuwa na nafasi. Japani, Vietnam na Indonesia zina sajili za kitaifa zinazofanya kazi chini ya APNIC, sajili ya kanda ya Asia na Pasifiki, na Brazili inayo chini ya LACNIC, ya Amerika ya Kilatini. Zinapokea maombi ya watoa huduma wa ndani kwa lugha yao, huku daftari likibaki moja.

Hofu yangu ni mchanganyiko wa madaraka. Ofisi inayotoa leseni, inayotoza faini na inayoweza kuamuru tovuti ifungwe, ikishika pia anwani ambazo bila hizo mtoa huduma hawezi kuunganisha mteja hata mmoja, itakuwa na nguvu ambayo hakuna kampuni ndogo itakayothubutu kuipinga. Sisemi hivi kwa kuidharau mamlaka yetu. Ningesema hivyohivyo kuhusu mdhibiti wa nchi yoyote.

Nyaya_Kariakoo:
Hapo umenena, dada. Tena udhaifu wa AFRINIC hauponywi kwa kuihamisha kazi. Uchaguzi wa bodi wa Juni 2025 ulifutwa kwa sababu ya utata wa hati ya kumpigia mwanachama kura kwa niaba yake, na bodi ikapatikana Septemba mwaka huohuo. Taasisi ya wanachama hutekwa wanachama wasipojitokeza, na kampuni yoyote ya Dar es Salaam iliyo mwanachama ina haki ya kupiga kura na kuhoji sera. Wakati huohuo, ndugu Fundi, ombeni IPv6, yaani mfumo mpya wa anwani. Anwani zake ni nyingi kiasi kwamba kila duka la Sinza litapata fungu lake.

Fundi_Sinza:
Nimeelewa kwamba TCRA haiwezi kugawa kisichokuwepo, na IPv6 nitaifikisha kwa wakubwa wangu wiki hii. Hata hivyo bado ninaamini tunastahili sajili ya kitaifa kama ya Brazili, iwe chini ya AFRINIC na isiwe ofisi ya leseni.