Naomba ushauri: mtihani wa AWS Cloud Practitioner, nianzie wapi?

Kisiwa_88: Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mhasibu, mambo ya IT nayasikia tu, ila ofisini wanahamishia mifumo kwenye wingu la Amazon (AWS), yaani seva za kukodi mtandaoni, na nataka nifanye huo mtihani, namba yake CLF-C02. Kila video nikifungua ni majina ya huduma zao: EC2, S3, RDS, Lambda... kichwa kinauma. Zote nizikariri? Na kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, maswali 65 kwa dakika 90 nitamaliza kweli?

Mama_Seva: Karibu ndugu yangu. Usikariri. Wanataka ujue huduma ipi inafanya kazi gani, hawakuambii uijenge. Komaa na usalama, ni asilimia 30 ya alama, na kiini chake ni mgawanyo wa majukumu: Amazon wanalinda majengo, mashine na nyaya; wewe unalinda data zako na nani anaingia. Mfano, umekodi seva ya EC2 ukasimika hifadhidata yako humo: kusasisha mfumo endeshi ni juu yako. Hifadhidata hiyohiyo ukiipeleka RDS, huduma yao ya kukuendeshea hifadhidata, kusasisha wanafanya wao, ila nywila na ruhusa bado ni zako. Hapo ndipo wanapopenda kutegea.

Fundi_Nyaya: Naongezea. Fungua akaunti uchezee mwenyewe, ila siku hiyohiyo washa MFA (uthibitisho wa ziada juu ya nywila) kwenye akaunti kuu na weka tahadhari ya bajeti. Ukisimamisha seva usidhani bili imekoma. Diski yake ya EBS inaendelea kuhesabiwa mpaka uifute.

Kisiwa_88: Duh, kumbe! Basi kwenye mambo ya bili mhasibu nitapeta 😂

Mama_Seva: Utapeta, lakini bei na bili ni asilimia 12 tu, usijifiche huko. Kuhusu muda, Kiingereza si lugha yako ya kwanza, kwa hiyo una haki ya kuomba dakika 30 za nyongeza. Omba kwenye akaunti yako ya mitihani KABLA hujapanga tarehe na kulipa ile dola 100. Na usiache swali wazi, kukosea hakupunguzi alama. Unatafuta 700 kati ya 1000.

Mzee_wa_Njia: Maswali halisi ninayo, njoo inbox tuelewane bei.

Fundi_Nyaya: Mzee, tuache. Kisiwa, wakikubaini umenunua maswali cheti kinafutwa. Amazon wenyewe wana maswali ya mazoezi ya bure kwenye Skill Builder, tovuti yao ya mafunzo, anza na hayo.

Kisiwa_88: Asanteni sana wakuu. Leo naanza na hayo majukumu.