Waliojifunza uprodyuza wa muziki na ufundi wa mitambo ya sauti: tupeane uzoefu, hii kazi inalisha?

#1 (mleta mada)
Wakuu, salaam. Niko Morogoro, miaka 23, mwaka wa pili diploma ya uhasibu. Nina kompyuta ya mezani ya mjomba, hedifoni za elfu kumi na tano na biti kama arobaini. Nimeuza mbili: moja 15,000, nyingine jamaa alinilipa kwa chipsi mayai za wiki nzima. Mjomba kasema ada ipo, niamue nimalizie uhasibu au nihamie kwenye mambo ya sauti. Shida ni kwamba nikitaja "sauti", yeye anamwona kijana kageuza kofia anatikisa kichwa.

Sitaki maneno ya "pambana tu dogo". Nataka mliopita huko mniambie mlijifunzaje, hela ya kwanza ilitoka wapi, na nini kiliwaunguza. Karibuni.

#2
Baki na uhasibu. Biti piga usiku. Nimemaliza.

#3
Mimi nilianza 2016 na FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, ile ya majaribio ambayo hujailipia. Unafanya kila kitu, hata kuhifadhi unahifadhi, ila ukishaifunga kazi yako huifungui tena mpaka ulipie. Dawa yangu ikawa moja: sifungi. Kompyuta ilikaa inawaka siku nne, nimebandika karatasi kwenye skrini, "USIZIME, KUNA KAZI". Siku ya nne, Jumapili asubuhi, mama akachomoa waya ukutani achomeke pasi. Skrini hakuigusa. Karatasi aliiheshimu kabisa.

Nililia, sifichi. Kuanzia hapo kila usiku kabla ya kulala natoa kila chombo faili lake la WAV: kiki peke yake (kiki ya ngoma, siyo ya Instagram), snea, besi, kinanda, yote yanaanzia sekunde sifuri, urefu sawa, majina yanasomeka. Nilifanya kwa woga, si kwa elimu. Miaka miwili baadaye nikapeleka wimbo studio moja Sinza ukamiksiwe, yaani sauti zote zichanganywe zikae sawa. Fundi akachomeka flashi, akakaa kimya, akauliza nani kapanga hivi. Wengine walikuwa wanamletea mp3 moja imeandikwa "final final mpya 3". Akasema njoo Jumatatu unipangie za wenzako. Elfu tano kwa wimbo, ndiyo ajira yangu ya kwanza. Biti zangu mpaka leo hakuna anayezitaka.

#4
Mleta mada, umesahau upande wa jukwaani. Mimi ni fundi mitambo, Mwanza, mwaka wa kumi na moja huu. Nilianza kwa kubeba. Miezi minane sikugusa miksa, ule mtambo wa kuchanganyia sauti, nakunja nyaya tu. Na nikizikunja kwa kuzungushia kiwikoni kama kamba ya ng'ombe, mzee aliyekuwa ananifundisha kazi anazifungua zote nianze upya, maana waya ukisokotwa hivyo unakatikia ndani kwa ndani, halafu unakuja kukuaibisha bibi harusi akiwa ndiyo anaingia.

Siku ya kwanza kuachiwa kiti ilikuwa mkutano wa injili, uwanja wa shule. Mchungaji hatulii. Kila akishuka mbele ya spika na maiki mkononi, mluzi: fiiiii. Sauti inatoka kwenye spika, inaingia kwenye maiki, inakuzwa, inatoka tena kubwa zaidi. Nikashusha yote. Wazee wa kanisa wakanipungia mikono, hatusikii. Nikapandisha. Fiiiii. Mzee wangu wa kazi akaja, hakufoka, akaniambia tu, "Sikiliza unalilia wapi." Tulikuwa na ile ikwalaiza ya vitelezo 31, kila kimoja kinapandisha au kushusha sehemu yake ya sauti, kuanzia nene hadi nyembamba. Akashusha cha kilohetsi 2.5, bado, akakirudisha. Akashusha cha 3.15, kimya. Kwaya iko vilevile, mluzi haupo. Tangu siku hiyo nikisikia birika limechemka au daladala imefunga breki, naitafutia namba. Mke wangu amechoka.

Siku hiyohiyo tulikuwa na spika nyingine katikati ya uwanja, kama mita 34 kutoka jukwaani, nami nimeziunganisha hivihivi. Sauti hewani inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, ya kwenye waya haisubiri mtu. Waliokaa nyuma wakawa wanasikia spika ya karibu, kisha sehemu ya kumi ya sekunde baadaye wanaisikia ya jukwaani. "Haleluya-luya." Mlevi mmoja pembeni akauliza huyu mchungaji amezaliwa pacha? Kwenye miksa ya dijitali ni kuandika milisekunde 100 tu, basi. Ila lazima ujue kwamba ni 100.

Hela: kubeba nililipwa 10,000 na sahani ya pilau. Leo kwa siku napata kati ya 150,000 na 250,000. Msimu wa harusi sipumziki. Kwaresima ni ukame, ujipange. Na viatu viwe vya soli ya mpira.

#5
Hamjambo nyote. Niko Mombasa, Kisauni. Mimi sitengenezi nyimbo kabisa na nyumba nalipia kwa sauti: matangazo, vipindi vya redio, vitabu vya kusikiliza, jumbe za afya kwa Kiswahili na Kidigo. Kibanda changu cha kurekodia ni kabati la nguo. Nimetoa mlango, nikatundika mablanketi mawili na madera yangu yote, maana ukuta mtupu hurudisha sauti, nguo huimeza. Ratiba yangu inapangwa na misikiti mitatu, jogoo wa jirani na tuktuk. Narekodi baada ya isha hadi kabla ya alfajiri. Feni nazima, na joto la Mombasa mwalijua. Msomaji mmoja alinisomea sura nzima miguu iko ndani ya beseni la maji.

Kilichoniunguza ni kupenda sauti kubwa. Kazi ya kwanza ya mteja wa ng'ambo niliisukuma mpaka juu, nikaona sasa imeiva. Ikarudi. Watangazaji wa Ulaya wanataka LUFS -23 (ni kipimo cha ukubwa wa sauti, ikikaribia sifuri ndiyo kubwa), Spotify nao husawazisha kwenye -14, mimi nilikuwa nimepiga -8. Wala sikujua kipimo hicho kipo duniani. Na kule kuibana kote ndiko kulikokuwa kunainua kila pumzi, msomaji anasikika kama amepanda ngazi na gunia la mkaa. Ikanibidi nirudi mwanzo, pumzi moja baada ya nyingine, dakika 40 za mazungumzo kwa usiku mbili.

Jambo jingine, hasa kwa dada zangu. Mteja akifika mlangoni huniuliza, "Fundi yuko?" Namwambia yuko, vua viatu, kaa.

#6
Mie wa Unguja. Kupiga ganuni, kile chombo cha nyuzi cha taarab, nimejifunza chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, pale Mji Mkongwe, lakini kurekodi nimejifundisha mwenyewe, na ndiyo maana nilifanya nilichokifanya.

Nilimrekodi bibi mmoja, mwimbaji wa taarab wa siku nyingi. Fidla, ganuni, dumbaki, na yeye. Kaimba mara moja tu, hakutaka ya pili. Usiku nikajiona mjanja, nikamtilia Auto-Tune, programu ya kunyoosha noti za mwimbaji, kidogo, nikasema hatojua. Sasa ile programu ukiiacha ilivyo inazijua noti kumi na mbili za piano basi. Makamu ya rasti, ngazi ya noti tuliyoipata kwa Waarabu, noti yake ya tatu haimo mule. Imekaa katikati, si ya juu si ya chini, na utamu wote uko hapo. Programu ikaiona kosa, ikaivuta ikaipandisha mahali pake, kila alipoigusa. Asubuhi nikamsikilizisha. Kasikiliza mpaka mwisho, ushungi kaushika mkononi, akanambia, "Kaimba vizuri huyu. Nani?"

Nikaifuta mbele yake. Kinachoniuma ni kwamba ganuni ina vile vipande vya chuma vya kuinulia na kushushia nyuzi kwa ajili ya noti hizohizo. Nimevigeuza kwa vidole vyangu miaka, halafu nikakaa mbele ya skrini nikasahau.

Hela yangu ya kwanza? Harusi, kama mwenzetu wa Mwanza. Na Februari nilikuwa najitolea Ngome Kongwe, tamasha la muziki la Sauti za Busara, kwa sababu pale watu wanapiga laivu tupu. Siku nne za kukimbia na maiki baina ya bendi na bendi nilijifunza kuliko mwaka mzima chumbani.

#7
Wakuu sisi wa singeli huku Mburahati hatuna muda wa kuvuta noti, ngoma inakimbia mapigo 200 na ushee kwa dakika, ukipepesa umepitwa. Chumba kimoja, kompyuta, spika mbili. Na bado kazi za mtaa huu zilitolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2017, wana wakaenda kupiga Ulaya. Nampa dogo kitu kimoja: usimalizie kumiksi kwenye hedifoni, besi itakudanganya. Panda bajaji, mwombe dereva akuwekee. Akiongeza sauti mwenyewe, umemaliza. Akipokea simu, rudi kazini.

#8
Nimesoma zote nikacheka, sasa niwaharibie kidogo.

Nilipiga biti 2018, nikaituma WhatsApp. Msanii akaingiza sauti, wimbo ukashika. Nimeusikia kwenye daladala, saluni, hadi msibani. Nilipata 50,000 na ahadi ya "tutaangaliana". Nilipokwenda kudai, swali lilikuwa moja: karatasi iko wapi? Nilikuwa na ujumbe wa sauti ukisema "oya hii noma". Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ipo tangu 1999 na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo, ila ukienda mikono mitupu watakusikiliza tu.

Siku hizi nina nusu karatasi ya kuchapa: jina la wimbo, nani katunga, nani kapiga, asilimia za kila mtu, sahihi, tarehe. Inasainiwa kabla ya maiki kuwashwa. Wawili walinuna wakaondoka. Mmoja akarudi.

Mleta mada, wewe unasoma uhasibu. Hivi unajua studio ngapi hazijui zinadai nani?

#9
Naongezea la shule, kwa sababu mjomba atauliza cheti. Mimi cheti changu ni cha umeme, VETA, na sijutii. Kuna mpiga gitaa tulimpandisha jukwaani, kasogeza mdomo kwenye maiki aimbe, akarushwa nyuma. Alipona, mdomo ukavimba. Watu wakailaumu ile volti 48 inayopelekwa kwenye maiki. Haikuwa hiyo. Ampu yake ilichomekwa soketi ya ukumbini isiyo na waya wa ardhini, miksa ikalishwa kutoka chumba kingine. Nyuzi za gitaa mkononi, maiki mdomoni, umeme ukampitia yeye. Waliokuwepo walijua kumiksi kuliko mimi, wote. Hakuna aliyekuwa na kipima umeme.

Sasa hivi sipandishi bendi kabla sijapima maiki kwa gitaa, gitaa kwa kinanda. Dakika tano. Wasanii wananiita mchawi nikizunguka na zile nyaya mbili za kipima umeme, sawa tu.

#10 (mleta mada)
Wakuu, nimemsomea mjomba. Ile ya pasi alicheka hadi akakohoa. Ya mpiga gitaa akanyamaza, halafu akauliza kipima umeme bei gani. Ya #8 akairudia mara mbili, akasema mwambie huyo bwana uhasibu tunamalizia.

Kwa hiyo namalizia, umebaki mwaka mmoja. Ila leo nimemfuata jamaa anayekodisha mitambo hapa Msamvu, nikamwambia sijui kitu, nataka kubeba. Akaniangalia mikono. Jumamosi kuna harusi, tunafunga mitambo saa nne asubuhi. Hela hajataja na mimi sijauliza, msinigombeze. Jana usiku nimekunja waya wa pasi mara ishirini, naona bado unajisokota.

#4, soli ya mpira nimeelewa. Shati je?

#4
Jeusi. Na ule kabla hujatoka, hiyo pilau inakuja saa nane usiku.