Wajukuu wa Bi Zaina, Muheza (watu 23)

JUMAMOSI

07:58 Da Rehema: Asalaam aleykum. Shikamooni wakubwa. Watoto watatu waliokuwa kwa Bibi likizo hii wote wametoka mapunye: Zuberi, Aisha na Kheri. Shule keshokutwa. Leo leo tukubaliane nani anawapeleka kituo cha afya, nani ananunua dawa, nani atawapa kila siku. Msinyamaze.

08:31 Da Rehema: Naona mmesoma watu 14.

08:40 Juma: Waaleykum salaam. Mi nimesoma kwa niaba ya wale 9 😂

08:44 Mama Kheri: Kheri nampaka ile tyubu ya duka la dawa, wiki ya pili sasa. Imepoa.

08:52 Kaka Salum: Mama Kheri, isome nyuma. Ukiona betametasoni au klobetasoli, hiyo ina steroidi. Inapoza wekundu na mwasho huku fangasi wanatambaa chini chini. Ukiacha kupaka yanarudi mapana zaidi. Na hata ingekuwa krimu safi ya fangasi, mapunye ya kichwani hayaponi kwa kupaka, maana fangasi wako ndani ya unywele na kwenye shina lake, krimu haifiki. Ni dawa ya kumeza tu.

08:53 Mama Kheri: Lakini limebaki duara moja tu

08:54 Kaka Salum: Subiri uache kupaka ndiyo uhesabu.

09:02 Da Rehema: Basi imeisha. Tunanunua kopo moja la vidonge, wanagawana. Kila nyumba ichangie.

09:05 Fatuma famasia: Hapana dada. Kila mtoto kwa uzito wake. Nipeni kilo, za leo, si za kadi ya kliniki ya mwaka juzi.

09:11 Mama Aisha: Aisha 26

09:12 Mama Kheri: Kheri 14, ana miaka mitatu

09:13 Da Rehema: @Baba Zuberi Zuberi kilo ngapi?

09:30 Fatuma famasia: Wakati tunamsubiri. Griseofulvini, hiyo dawa ya kumeza, kwa mtoto aliyezidi miaka miwili ni miligramu 10 hadi 20 kwa kila kilo kwa siku. Ya kichwani huwa tunakaribia 20, ila anayeandika ni tabibu baada ya kumuona mtoto. Kwa Aisha ni kidonge kimoja cha 500 kwa siku, wiki 6 ni vidonge 42. Kheri vidonge viwili vya 125, yaani 84. Hapo mnaona kopo la kugawana lingemuumiza nani. Kheri angepewa dozi ya Aisha angekuwa anakula karibu mara mbili ya anachohitaji.

09:33 Juma: Fatuma na hesabu hizi kumbe ulikuwa unatuibia kwenye bao

09:34 Fatuma famasia: Halafu wape pamoja na chakula chenye mafuta. Wali wa nazi, maziwa, parachichi, siagi ya karanga. Dawa hii haiyeyuki kwenye maji. Mtoto akimeza na chai ya rangi tumbo likiwa tupu, sehemu kubwa inapita na kutoka naye chooni. Kheri mtasaga vidonge, mchanganye na kijiko kimoja cha siagi ya karanga. Kijiko kimoja, msijaze bakuli, akiacha nusu ameacha nusu ya dozi.

09:41 Kaka Salum: Kwa nini wasipewe terbinafini? Chini ya kilo 20 robo ya kidonge cha 250, kilo 20 hadi 40 nusu. Wiki 4 kazi imekwisha. Wiki 6 za griseofulvini hakuna nyumba humu itamaliza.

09:44 Fatuma famasia: Inategemea fangasi gani. Wale wa mtoto kwa mtoto, Trichophyton, terbinafini inawapiga vizuri. Wa paka, Microsporum, griseofulvini ndiyo bora. Kwa Bibi kuna paka.

09:45 Amina (kwa Bibi): Paka amenyonyoka masikioni

09:46 Kaka Salum: Haya, umenishinda. Ila wakwanguliwe ngozi, vivutwe na vijinywele viende maabara kabla dozi haijaanza.

10:03 Juma: Swali la kitaalamu. Mimi ninayo mapajani. Nikimega vya Aisha?

10:06 Kaka Salum: Usimege. Ya mapajani krimu inatosha, wiki mbili hadi nne, ukipaka mpaka nje kidogo ya duara, na endelea wiki moja baada ya kuona limepotea. Na griseofulvini wewe haikufai: ukinywa bia uso unawaka na moyo unakimbia. Pia mwanamume anayeimeza hatakiwi kutungisha mimba mpaka miezi 6 ipite tangu kidonge cha mwisho. Mwanamke asiimeze akiwa mjamzito, na asishike mimba mpaka mwezi mmoja baada ya kumaliza. Tena inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango.

10:07 Mama Aisha: Miezi sita!! Na mama mkwe wa Juma kashanunua beseni la mtoto 😂😂😂

10:08 Mwanaidi: 😂😂😂😂

10:09 Juma: Napaka krimu jamani napaka

10:15 Da Rehema: Tumeshatoka njiani. ZUBERI KILO NGAPI?

10:52 Amina (kwa Bibi): Samahanini. Bibi anauliza na yeye aendelee na za kwake? Za vidole vya mguu. Zimebaki kapsuli mbili.

10:53 Juma: Bibi naye anarudi shule Jumatatu 😂

10:54 Fatuma famasia: Kapsuli gani Amina? Soma jina. Amekunywa ngapi?

10:58 Amina (kwa Bibi): Flukonazoli 150. Moja kila siku tangu Jumanne.

10:59 Fatuma famasia: Na dawa yake ya sukari bado ni glibenklamidi?

11:00 Amina (kwa Bibi): Ndiyo, ile ya asubuhi

11:02 Fatuma famasia: Asimeze kapsuli nyingine hata moja. Juma nyamaza. Flukonazoli inalizuia ini lisiivunje glibenklamidi, kwa hiyo inalundikana na sukari inashuka. Ingekuwa metfomini peke yake nisingepiga kelele. Mpime sukari sasa hivi. Anatetemeka? Jasho?

11:04 Amina (kwa Bibi): Jana usiku alilowa jasho, tukasema joto

11:05 Kaka Salum: Ikiwa chini ya 4, vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye nusu kikombe cha maji, anywe. Dakika 15 pima tena. Ikipanda ale chakula. Akizidiwa hajitambui usimtie kitu mdomoni, mbio hospitali. Na hata ikipanda aende leo, maana flukonazoli inakaa mwilini siku kadhaa, sukari inaweza kushuka tena usiku. Glibenklamidi atapangiwa huko, asiache wala asiongeze mwenyewe.

11:09 Da Rehema: Nani alimpa Bibi hizo dawa?

11:20 Amina (kwa Bibi): Alipewa na Shangazi Tatu

11:21 Amina (kwa Bibi): Sukari 3.6. Nampa.

11:38 Amina (kwa Bibi): 5.1. Anakula muhogo.

11:47 Shangazi Tatu: Nimeona jina langu. Zilibaki zangu, mimi niliambiwa moja kwa WIKI, nilimwambia hivyo. Nilitoa kwa wema kama nilivyotoa pesa za bati, na bati mpaka leo sijaliona.

11:49 Da Rehema: Shangazi kwa heshima zote, risiti ya bati niliiweka humu humu.

11:50 Shangazi Tatu: Risiti ya misumari.

11:51 Mwanaidi: Ujumbe huu umefutwa

11:53 Baba mdogo Athumani: Rehema una haraka na dawa, kwenye bati ulikuwa huna haraka

12:10 Amina (kwa Bibi): Bibi ameniambia niandike kama anavyosema. "Mimi sijafa. Nilikunywa kila siku kwa kuwa miguu inawasha na nilitaka ipone upesi, Tatu hana kosa. Mkinitaja kama mzigo mnadhani sisikii? Ninasikia. Mjukuu wangu asitiwe kidonge kinywani kabla hajapanda mizani, na dawa ya mtu isiliwe na mtu mwingine katika nyumba hii. Neno la bati asilitaje yeyote mpaka niwe nimezikwa."

12:31 Shangazi Tatu: Nimesikia mama. Nisamehe.

12:32 Da Rehema: Sawa Bibi.

12:32 Mwanaidi: Sawa Bibi

12:40 Baba mdogo Athumani: Gari liko nje, nampeleka mimi.

13:15 Fatuma famasia: Kwa wenye watoto, niyamalize. Kuna mtoto aliyewahi kuwa na manjano, au anayemeza dawa ya kifafa? Niambieni kabla, fenobabitali inadhoofisha griseofulvini. Kichwa kikiuma kidogo wiki ya kwanza huwa kinapita. Macho ya njano, mkojo kama chai ya rangi, hataki chakula, au vipele na vidonda mdomoni pamoja na homa, dawa inasimama siku hiyo hiyo na mtoto anaonwa. Juani avae kofia, dawa hii inaifanya ngozi iungue upesi. Ukisahau dozi mpe ukikumbuka. Kama ya kesho imekaribia ruka, usirundike mbili. Nywele zitaanza kuota wiki ya nne, na hapo ndipo wengi wanaacha. Msiache. Shule waende, mradi wameanza dawa.

13:20 Mama Kheri: Kheri ana uvimbe laini kisogoni unatoa usaha, nikamue?

13:22 Kaka Salum: Usikamue, asipasuliwe. Ni mapunye hayo hayo yamechachamaa, yakipasuliwa anabaki na kovu nywele hazioti. Mlete Kheri wa kwanza.

13:26 Mama Aisha: Duka la hapa wananipa ketokonazoli ya vidonge, bei nafuu

13:29 Fatuma famasia: Rudisha. Ulaya walivisimamisha 2013 kwa ajili ya ini, na Marekani mwaka huo huo wakaviwekea masharti makali. Shampuu yake sawa, mara mbili kwa wiki, povu likae dakika tano. Hiyo ni ya kupunguza kuambukiza, haiponyi peke yake.

13:35 Da Rehema: Basi: kituoni Jumatatu asubuhi kabla ya shule, Mama Aisha anawachukua wote watatu. Michango kwangu. Vitana viloekwe kwenye jiki, kikombe kimoja kwa tisa vya maji, dakika kumi. @Mjomba Hamisi mashine iliyowanyoa watoto Idd isiguse kichwa cha mtu.

13:36 Mama Aisha: Jumatatu nina zamu, sikusema nitawachukua

13:50 Da Rehema: Tutaongea. Baba Zuberi?

19:22 Baba mdogo Athumani: Bibi amelazwa aangaliwe usiku huu. Wamembadilishia dawa ya sukari. Anaulizia paka.

JUMAPILI

21:14 Baba Zuberi: Simu haikuwa na chaji. Zuberi mizani ya dukani kwa mchele inasema 18, akiwa na viatu.

21:16 Fatuma famasia: Mvue viatu.

22:47 Mjomba Hamisi: Marahaba wote. Ndiyo naona sasa. Mashine niliazimisha jirani tangu Ijumaa, ananyoa wanawe.