Vibanzi kwenye mfereji wa ki: mafundi wa milingi, acheni kusingizia chuma

Wakuu, hii tabia imezidi. Shafti ya mashine ya kusaga inatoka karakana, mfereji wa ki (kile kipande cha chuma kinachofunga puli isizunguke peke yake kwenye shafti) una upana sawa na kina sawa, lakini pitisha pamba ukingoni uone inavyonasa. Vibanzi vitupu, yaani vipande vikali vya chuma vilivyobaki vimening'inia ukingoni! Ukimuuliza fundi wa milingi, yaani anayechonga chuma kwa kata (kisu chenye meno kinachozunguka), jibu ni lile lile: "Bosi, chuma chenyewe laini."

Ulaini unachangia, hakuna anayebisha. Chuma laini na alumini vinanyumbuka kabla ya kukatika. Kasti, yaani chuma cha kumimina, ni kavu, ndiyo maana haiachi vibanzi vya maana, yenyewe humeguka ukingo tu. Lakini kanuni ni moja: jino la kata linasukuma chuma mbele yake, na likiwa katikati ya kazi chuma hicho kina mahali pa kuegemea, kwa hiyo kinakatika. Likifika ukingoni, nyuma hakuna kitu. Kile kipande cha mwisho kinapinda kwenda nje na kubaki kinaning'inia.

Sasa tuje kwenye fidi, yaani kasi ya meza kusogeza kazi kwenye kata, maana hapa ndipo uzembe ulipo. Shafti ya mm 40 inachukua ki ya mm 12 kwa 8, mfereji unaingia mm 5. Kata ya haispidi (chuma kigumu cha zana) ya mm 12 yenye meno mawili, ncha za meno zikienda mwendo wa mita 25 kwa dakika, inazunguka kama mara 660 kwa dakika. Kila jino likila mm 0.05, meza inatakiwa isogee kama mm 66 kwa dakika. Fundi anaogopa kuvunja kata, anazungusha mkono wa meza kwa uvivu, mm 12 kwa dakika. Pigeni hesabu: jino linaambulia mm 0.009! Na kata yenyewe haijanolewa tangu inunuliwe, ncha ya jino ni butu kuliko unene huo. Hapo haikati, inasugua. Chuma kinakandamizwa, kinapanda juu ya ukingo. Anadhani anakwenda taratibu ili kazi iwe safi, kumbe ndiyo anaiharibu. Kisha anarudia "kusafisha" kwa kula kidogo mno, anaongeza vibanzi vingine.

Mwelekeo nao. Mfereji unaoishia kichwani mwa shafti uanzwe hapo hapo kichwani, kata iingie ndani. Ukiumalizia pale, kata inatokea hewani na kuacha ulimi mzima wa chuma. Kama lazima itokee upande huo, bana kipande cha chuma chakavu kigusane na kazi, kibanzi kiote kwenye hicho chakavu. Kwenye alumini, acheni kata zenye koti la TiAlN (titani, alumini na nitrojeni). Koti hilo lina alumini ndani yake, vinashikana, jino linaota uvimbe na kurarua badala ya kukata. Tumieni kata ya kabaidi (ngumu kuliko haispidi) isiyo na koti, iliyong'arishwa, na mafuta ya taa ya kutosha.

Hasara yake? Puli yenye shimo la mm 40 H7 kwenye shafti ya h6 (hivyo ni vipimo vya kiwango vya shimo na shafti) ina mwanya usiozidi mm 0.041. Kibanzi cha mm 0.1 kitapitaje? Hakipiti. Ndipo nyundo inapotolewa, kibanzi kinachimba shimo la puli, puli inakaa upande, mkanda unalika, na mteja anaambiwa beringi ni feki.

Hata tupa wanakosea. Wanaipitisha bapa juu ya shafti, kibanzi kinajikunja ndani ya mfereji, ki inagoma kuingia, nayo inapigwa nyundo. Tupa laini ilazwe digrii 45, ukingo ukatwe mm 0.3 hivi kila upande, na pembe za ki zenyewe zikatwe. Ni kazi ya dakika mbili, jamani, na bei tuliyolipa inaitosha!

Atakayekuja hapa kusema chuma kibovu, aweke kwanza spidi, fidi na idadi ya meno ya kata yake. Tutapiga hesabu hadharani.