Rufaa ya presha ya macho kwenda leza ya SLT: mgonjwa aende na vipimo gani?

optom_njiro
Habari za kazi wadau. Swali hili ni kwa mlio kwenye kliniki za macho, hasa upande wa Moshi. Huku Arusha tuna wagonjwa wengi wa presha ya macho walioandikiwa matone ya timolol, na chupa ikiisha wengi hawarudi. Wale wanaofaa tungependa kuwapeleka mapema kwenye SLT, leza ya kushusha presha ya jicho. Kwenye rufaa tunaambatanisha presha na karatasi ya OCT (picha inayopima unene wa safu ya neva ya jicho), lakini baadhi zinarudi zimeandikwa "vipimo virudiwe". Je, OCT ni lazima? Ni kipimo gani hasa daktari wa leza anakitegemea? Na macho ya watu wetu yana rangi nyingi kwenye pembe, nguvu ya leza inapangwaje? Tena wagonjwa wanauliza kama hii ndiyo leza ya kuondoa miwani, naomba maelezo mepesi ya kuwapa.

pembe_wazi
Mkuu, OCT haiamui kama mgonjwa afanyiwe SLT. Kinachoamua ni pembe ya ndani, pale konea (kioo cha mbele cha jicho) inapokutana na airisi (sehemu yenye rangi), na pembe huionei kwenye karatasi ya OCT ya neva. Lazima gonioskopi, yaani kuitazama pembe kwa lenzi yenye kioo cha kuakisi. Zima taa za chumba, mwanga wa slit (taa ya kuchunguzia jicho) uwe mfupi wa milimita 1 hivi na usiingie kwenye mboni, maana mboni ikibana pembe inafunguka na utaandika "wazi" kwa jicho ambalo gizani limefungwa. Andika umeona nini kwa kila robo ya duara: kama kichujio cha maji (pale maji ya jicho yanapotokea) kinaonekana, kina rangi kiasi gani, kuna mshikamano au mishipa mipya ya damu. Pembe iliyofungwa, jicho lenye uvimbe wa ndani na presha ya mishipa mipya, kama ile ya kisukari, haviendi SLT.

Kuhusu leza zenyewe, waeleze kwamba neno ni moja ila mashine ni tofauti. SLT ni mwanga wa kijani wa nanomita 532, unapigwa kwa nanosekunde 3 tu, doa lake mikromita 400. Muda ni mfupi kiasi kwamba chembe zenye rangi zinapata pigo lakini joto halisambai, ndiyo maana kichujio hakibaki na kovu na tiba inaweza kurudiwa. YAG ya kusafisha utando baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho ni nanomita 1064, na kliniki yenye hiyo peke yake haiwezi kufanya SLT. Ya kuondoa miwani ni eksima ya nanomita 193, inachonga konea na haigusi presha. Na hili waambie kabla hawajapanda gari: SLT hairudishi uoni uliopotea.

Nguvu: wengi huanza na milijuli 0.8, mapigo kama 100 kuzunguka nyuzi 360 bila kupandana. Vikitokea viputo vidogo unashusha kwa 0.1 hadi vitoweke au vionekane kwa mbali tu. Kwenye pembe nyeusi tii anza 0.4 hadi 0.6. Rangi ndiyo inayomeza mwanga, kwa hiyo ukianza juu unajitafutia presha kupaa ndani ya saa ya kwanza. Tone la brimonidine, dawa ya kushusha presha, kabla ya leza, kisha pima tena presha baada ya dakika 30 hadi 60. Usimruhusu mgonjwa aondoke kabla ya kipimo hicho, hata kama daladala ya mwisho inamsubiri.

Kuhusu ushahidi, hatuna haja ya kwenda mbali. Utafiti uliofanyika KCMC, hospitali ya rufaa hapa Moshi, na kuchapishwa 2021 ulilinganisha SLT na timolol 0.5%. Baada ya mwaka mmoja, macho yaliyofikia presha lengwa yalikuwa 61% kwa leza na 31% kwa matone. Leza iliruhusiwa kurudiwa baada ya miezi 2, na wa matone walielekezwa upya namna ya kuyatumia. Kwa wagonjwa wanaokatiza dawa kama hao wako, hiyo tofauti ni kubwa mno kuipuuza.

upeo_24_2
Nakubaliana na pembe_wazi kuhusu gonioskopi, ila nisingependa wasomaji waondoke wakidhani OCT haina kazi. Inakupa msingi wa kulinganisha miaka ijayo. Shida ni kutuma karatasi mbovu. Kwenye mashine ya OCT ya Cirrus, nguvu ya mawimbi ikiwa chini ya 6 kati ya 10 usiitume. Mara nyingi jicho limekauka tu: weka tone la machozi ya bandia, mwambie apepese, rudia. Mtoto wa jicho nao unashusha namba hiyo, na safu ya neva itaonekana nyembamba kuliko ilivyo. Angalia pia mstari wa mashine umefuata kweli ukingo wa safu au umeruka. Mwenye miwani mikali kwa sababu haoni vya mbali atatoka mwekundu (rangi ya onyo kwenye karatasi) bila kuwa na ugonjwa, kwa sababu jicho lake refu halifanani na yale yaliyowekwa kwenye hifadhi ya ulinganisho. Upande wa pili, kwa ugonjwa uliokomaa safu ikishashuka karibu na mikromita 50 haipungui tena, maana kilichobaki ni mishipa ya damu na tishu za kushikilia. Hapo OCT itasema "hajabadilika" huku mtu anapofuka. Kwa mgonjwa huyo tegemea kipimo cha upeo wa kuona.

Na upeo ndio ninaoukosa kwenye rufaa nyingi. Ni kile cha 24-2 kwenye mashine ya Humphrey, ambapo mgonjwa anabonyeza kila anapoona mwanga, macho yote mawili. Kipimo cha kwanza kwa kawaida ni cha kujifunzia, kirudie siku nyingine kabla hujatoa hukumu. Kubonyeza bila kuona mwanga kukizidi 15%, tupa karatasi hiyo. Kope ikining'inia ifunge juu kwa plasta, la sivyo utapata giza la juu ambalo si la neva. Halafu hakiki mwaka wa kuzaliwa. Mama wa 1958 akiandikwa 1985, mashine itapendekeza lenzi isiyomfaa na kumlinganisha na watu wa umri wa wanawe. Mashine inalia "si wa kawaida" karibu kila sehemu, na kosa ni tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi.

fundi_vifaa
Ongezeni tonometa, kifaa cha kupima presha ya jicho. Rufaa inasema presha 26, kumbe tonometa ya Goldmann haijahakikiwa tangu ifungwe. Kila mwezi weka fimbo yake ya kuhakiki na ujaribu alama ya 0, 2 na 6, ambazo ni mmHg 0, 20 na 60. Kwenye 2, mkono unatakiwa uhame dayo (gurudumu la namba) ikiwa 2 au karibu sana nayo. Ukihama ikiwa 2.4, mashine inaongeza mmHg 4, na hiyo 26 yenu ni 22. Prizma iliyofutwa kwa spiriti ikauke kabisa kabla haijagusa jicho. Mgonjwa alegeze ukosi, asibane pumzi. Unene wa konea nao uandikwe, kwa kuwa Goldmann ilitengenezwa kwa konea ya mikromita 520 hivi: nyembamba zaidi inaficha presha, nene inaikuza.

Kwa wenye mashine ya SLT, viputo visipoonekana hata kwa nguvu kubwa msikimbilie kulaumu leza. Angalieni lenzi kwanza. Jeli iliyokaukia juu ya kioo inatawanya mwanga, na kiputo cha hewa kati ya lenzi na konea kinafanya vivyo hivyo. Kwenye OCT, kivuli kinachotokea mahali palepale kwa kila mgonjwa ni vumbi. Puliza kwa mpira, kisha karatasi ya lenzi, usitumie pindo la koti. OCT na mashine ya upeo ziwe kwenye UPS yenye betri nzima. Umeme ukikatika katikati ya kipimo cha upeo unaanza upya na mgonjwa aliyekwisha kuchoka, na matokeo ya jicho hilo hayatafaa.

optom_njiro
Asanteni sana wakuu. Moja limebaki: aliye kwenye matone aache kabla ya kwenda? Na yupi nisimpeleke SLT hata kama pembe iko wazi?

pembe_wazi
Asiache. Aendelee na matone yake hadi siku ya leza na baada yake. Nguvu kamili ya SLT husubiriwa wiki 6 hadi 8, na kupunguza dawa kunaamuliwa hapo kwa namba. Kama ana pumu au mapigo ya moyo ya polepole, timolol haikumfaa tangu mwanzo: mwandikie daktari hilo mstari wa kwanza, na umbadilishie dawa leo.

Wa kutompeleka ni yule ambaye hesabu inakataa. SLT hushusha presha kama 20% hadi 30%. Mwenye 24 anaweza kufika 17 hadi 19, na hapo leza ina kazi. Mwenye 40 na upeo uliobaki kitundu katikati atafika 28 hadi 32, na jicho hilo litaendelea kufa. Huyo andikia "upasuaji, haraka", piga simu hospitali inayompokea kabla hajasafiri, na mwanzishie matone siku hiyohiyo. Kwa wengine wote, tarehe ya kurudi kupimwa iandikwe kwenye kadi kabla ya leza, pamoja na namba ya simu ya ndugu. Nguvu ya SLT hupungua baada ya miaka michache kwa wengi, presha inapanda bila maumivu yoyote, na mgonjwa hatajua mpaka umpime.