Eti "Tysha ndiyo nani?" Na huyu ndiye anayetuchambulia Game of Thrones kila Jumamosi!

MwanaNkuhungu (mleta uzi)

Mbukwenyi wakuu. Nina hasira za kuchemsha Bwawa la Mtera lote likakauka leo leo.

Mnamjua. Simtaji, hahitaji kutajwa. Ni yule mchambuzi wetu mwenye sauti ya kushinda jenereta, anayewakalisha watu na kuwasomesha Westeros, nchi ya Game of Thrones, kama kitovu chake kimezikwa Winterfell. Leo kasimama mbele ya kadamnasi akatangaza kwamba vitabu vya George R. R. Martin vilikuwa rasimu tu, wenye tamthilia ya Game of Thrones ndio walioimalizia kazi, na sisi tunaosoma ni watu wa kujikweza. Sawa, hilo tumelizoea. Basi dogo mmoja akamuuliza kwa adabu zote: na ile habari ya Tysha iliyoachwa, nayo iliboreshwa?

Akajibu: "Tysha ndiyo nani?"

TYSHA. NDIYO. NANI. Halafu akacheka. Na watu wazima wenye watoto nyumbani wakacheka naye!

Kwa mliokuwa mnacheka: Tyrion, yule mbilikimo wa ukoo wa Lannister, akiwa na miaka 13 alimwoa binti waliyemkuta barabarani yeye na kaka yake Jaime. Baba yao Tywin alipojua, akamlazimisha Jaime aseme yule ni kahaba aliyekodiwa. Kisha akamtupa binti kwa askari wake, kila mmoja akamlipa sarafu ya fedha, na Tyrion akalazimishwa kuwa wa mwisho, kwa sarafu ya dhahabu. Hicho ndicho kidonda anachotembea nacho tangu kitabu cha kwanza. Hata tamthilia imekisimulia, msimu wa 1 sehemu ya 9, wakiwa hemani usiku wa kuamkia vita. Kwa hiyo huyu bwana hata hiyo tamthilia anayoitetea hajaitazama vizuri!

Sasa njoo kitabu cha tatu, A Storm of Swords, cha mwaka 2000. Jaime anamtoa Tyrion gerezani na hapo hapo anakiri: Tysha hakuwa kahaba, alikuwa binti wa mkulima tu, alimpenda kweli. Tyrion anamzaba kofi la nguvu zote, Jaime chini. Kisha anamchoma kwa maneno, anamwambia Cersei, dada yao ambaye ni mpenzi wa Jaime kwa siri, amelala na Lancel na Osmund Kettleblack, na anamdanganya kuwa ni yeye Tyrion aliyemuua Joffrey, mfalme mwana wa Cersei. Ndugu wanaachana wakiwa maadui. Ndipo Tyrion anapanda kwa baba yake, na swali analokwenda nalo ni moja: Tysha yuko wapi?

Kwenye tamthilia, msimu wa 4 sehemu ya 10, wanakumbatiana. Basi. Wanakumbatiana kama wanasindikizana stendi.

Na huyu anauliza Tysha ndiyo nani!

Kizota_Kwetu

Mkuu, uzi mzima huu kwa ajili ya ndoa iliyodumu wiki mbili? Kunywa maji kwanza. Jua la Dodoma la saa nane hili si la kugombea wake za watu wa kwenye vitabu.

BintiMakole

Kizota, we endelea kucheka. Mimi nimekwama kwenye jambo moja. Tyrion anapomkuta Tywin amekaa chooni na kumuuliza alimfanya nini Tysha, Tywin naye anajibu "Tysha?" Hamkumbuki! Hata jina lilishamtoka. Anapokumbushwa anasema alikwenda kokote makahaba waendako, na mshale unamwingia tumboni.

Kwa hiyo mchambuzi wetu kajibu kama Tywin, neno kwa neno. Afunge mlango wa choo vizuri usiku.

MwanaNkuhungu

@BintiMakole dada yangu umenimaliza!! Hapo ndipo pa kuchapa kwenye mabango. Kwenye tamthilia Tyrion anamfyatulia baba yake kwa sababu amemtukana Shae, mpenzi wake Tyrion. Shae ambaye dakika mbili nyuma kamnyonga mwenyewe kwa mkufu! Anamuua mwanamke, kisha anamuua baba kwa kumtusi mwanamke huyo huyo. Hayo ni matokeo ya kumtoa Tysha: mshale umebaki, sababu imeondoka. Na mtu anasimama hadharani, anauliza ndiyo nani, anacheka.

Zuzu_Mnadani

Mleta uzi una hoja, ila tuwe wakweli. Kila sura ya vitabu hivi inamfuata mhusika mmoja na unaona anachokiona yeye tu. Kitabu cha kwanza, ukiacha utangulizi, kina macho ya watu wanane. Kamera haiwezi kukaa kichwani mwa Tyrion ikamsikiliza akijilaumu kurasa tatu. Lazima utafute njia nyingine.

Na njia hiyo ikitafutwa vizuri inazaa. Mazungumzo ya mfalme Robert na mkewe Cersei kuhusu ndoa yao, msimu wa 1 sehemu ya 5, kitabuni hayapo kabisa, kwa sababu kitabu hicho hakina sura ya Robert wala ya Cersei. Ni katika vipande bora vya msimu ule. Arya, binti wa ukoo wa Stark, kumhudumia Tywin kwenye ngome ya Harrenhal, msimu wa 2, nako kumebuniwa, kitabuni anamhudumia Roose Bolton. Nani alilalamika?

Tatizo ni hesabu. Ukihesabu na tangulizi na hitimisho, A Game of Thrones kina sura 73, kikapewa sehemu 10. Storm kina sura 82, kikapewa karibu misimu miwili, sehemu 20, ndiyo maana msimu wa 3 na wa 4 vimenyooka. Halafu A Feast for Crows sura 46 na A Dance with Dragons sura 73, jumla 119, vikasukumwa kwa sehemu kubwa kwenye msimu wa 5 wenye sehemu 10. Unategemea nini? Hapo ndipo Jaime anapelekwa Dorne na Bronn, Sansa anaozwa kwa Ramsay badala ya Jeyne Poole, na Barristan, askari mzee, anauawa uchochoroni ilhali kitabuni yu hai na ana sura zake mwenyewe.

MwanaNkuhungu

Zuzu kaka yangu, hesabu nakubali, lakini maungamo ya Jaime yalihitaji dakika ngapi? Sentensi tatu! Watu wale wale wawili, usiku ule ule, gereza lile lile. Hakuna joka la kulipia, hakuna jeshi. Tungesema bajeti ingekuwa ile vita ya Green Fork, ambapo Tyrion kitabuni anapigana na kwenye tamthilia anapigwa nyundo ya kichwa anazimia ili vita isionyeshwe. Ile tunaielewa, vita ni hela.

Na tazama ilivyoharibu mbele. Kitabuni maneno ya Tyrion kuhusu Cersei yanamtafuna Jaime A Feast for Crows nzima. Cersei anapokamatwa anamwandikia barua aje kumwokoa, amerudia "nakupenda" mara tatu. Jaime yuko Riverrun, theluji imeanza kudondoka, chembe moja inatua juu ya karatasi na wino unaanza kutawanyika. Anaikunja barua, anampa kijana wake, anasema itie motoni. Amemalizana na dada yake.

Kwenye tamthilia hakuna kilichomtafuna. Kwa hiyo yupo na Cersei msimu wa 5, wa 6, wa 7, na msimu wa 8 anamwacha Brienne, mwanamke shujaa aliyempenda, analia uani akarudi kufia kwa dada yake, na nyie wote mkapiga kelele "Jaime kaharibiwa mwishoni!" Aliharibiwa 2014, siku ya kukumbatiana! Ukimuuliza Tysha ndiyo nani, na Jaime wa mwisho hutamwelewa.

Hombolo_Bwawani

Sisi wa zabibu tunasema hivi: kupogoa si kukata tu. Mzabibu usipopogolewa hauzai la maana, kwa hiyo kukata ni lazima. Lakini kwenye kila kitawi unaacha macho mawili hai, maana humo ndimo shada linatoka. Ukipitisha mkasi chini ya macho, umebaki na kuni. Tamthilia ilikuwa na haki ya kupogoa. Quentyn Martell akatwe, sawa, safari ndefu mwisho anaunguzwa na majoka. Lakini Lady Stoneheart, Catelyn aliyefufuliwa, ule ndio ukurasa wa mwisho wa Storm! Kijana Aegon na Jon Connington wamekatwa, halafu Golden Company, jeshi lao la kukodiwa, inaletwa msimu wa 8 ikimtumikia Cersei na kufagiliwa na joka kabla haijakunja ngumi.

Na kwa kuwa nimetaja zabibu: kuna mnunuzi mmoja, wa huku wanamjua, anakuja siku shada limeshaanza kulainika ili ushindwe kubishana bei. Mavuno mara mbili kwa mwaka, mara mbili anatufanyia hivyo hivyo. Ukiuliza mizani imekaguliwa lini anakutazama kama umemtukania mama.

Mpunguzi_Juu

Hombolo umenigusa kidonda. Huyo huyo! Anakata kilo za "maji" kwenye kila kreti. Zabibu ina maji, ulitaka iwe na mchanga?

Ihumwa_Reli

Tysha, Tysha. Nyie hamjaumia bado. Njooni House of the Dragon, tamthilia nyingine ya Westeros hiyo hiyo. Kitabu chake, Fire & Blood, 2018: malkia Helaena ana watoto watatu, wauaji wanaingia usiku, wanamlazimisha achague ni mwanawe yupi wa kiume afe. Anamtaja mdogo, Maelor, nao wanamuua mkubwa, Jaehaerys, mbele yake. Kwa hiyo kila akimtazama Maelor anajua mtoto huyu alisikia mama yake akimchagua. Hicho ndicho kinachomwondoa akili. Tamthilia, msimu wa 2 mwaka 2024, Maelor hayupo kabisa! Mama anaonyeshwa mapacha wake, wa kiume na wa kike, anaulizwa tu wa kiume ni yupi, ananyoosha mkono. George R. R. Martin mwenyewe alilalamika hadharani mwezi wa tisa mwaka ule, kisha andiko likaondolewa. Mwandishi kalalamika, nyie mnalia na kofi.

Msalato_Jioni

Afadhali nyie mnaondolewa mtoto. Sisi wa The Wheel of Time, hadithi nyingine kabisa, tuliongezewa mke! Perrin, mmoja wa wahusika wakuu, kitabuni anaanza akiwa kijana hajaoa. Tamthilia ya 2021, sehemu ya kwanza kabisa, ana mke, na kabla hujamzoea kashamuua kwa shoka kwa bahati mbaya vitani. Vitabu 14, mwandishi alifariki 2007 vikamaliziwa na mwingine, tamthilia ikakatwa 2025 baada ya misimu mitatu. Huo mke hata hatujajua alikuwa wa kazi gani.

Kizota_Kwetu

Kwa hiyo mmoja kanyimwa mke, mwingine kaongezewa. Wagawane.

MwanaNkuhungu

Wakuu turudi kwenye mada. Mtu amesimama mbele ya watu, ameulizwa, akasema "Tysha ndiyo nani?" Hili tunaliacha hivi hivi?

Chamwino_Ikulu

Mleta uzi, mwenzenu natazama ile iliyoingizwa sauti ya Kiswahili. Siku ya gereza msimuliaji hakusema chochote kuhusu ndugu wala mke, alisema "hapo mfupi anamwomba kaka nauli." Mnabishana Tysha kaachwa, sisi tumeachwa sote.

BintiMakole

Nauli!! 😂😂 Huyo msimuliaji namjua, ndiye aliyemwita Cersei "mama mkwe" misimu yote minane.

Chamwino_Ikulu

Ndiyo maana nikahamia maandishi ya chini, nako balaa. Mwanzo yanakwenda sawa, ikifika katikati yanachelewa, mwishoni mtu ameshakufa ndipo maneno yake yanatokea.

Zuzu_Mnadani

Hiyo si kuchelewa kwa kawaida. Maandishi yametengenezwa kwa video ya picha 23.976 kwa sekunde, wewe una ya picha 25. Tofauti ni kama asilimia 4, kwa sehemu ya saa nzima inafika dakika mbili na nusu mwishoni. Ukitumia VLC, programu ya kuchezea video, kwenye kompyuta, G na H zinasogeza maandishi, lakini zinasogeza yote kwa kipimo kimoja, kwa hiyo ukiweka sawa mwanzo, mwisho utaharibika. Tafuta faili la maandishi lililotengenezwa kwa toleo lile lile la video.

Chamwino_Ikulu

Kumbe! Na kwenye runinga kwa flashi mbona hayatokei kabisa?

Zuzu_Mnadani

Faili la maandishi na la video vipe jina moja, herufi kwa herufi, tofauti iwe mwishoni tu, moja .srt. Viweke folda moja. Zikitokea alama za ajabu badala ya herufi, lifungue kwenye Notepad ulihifadhi upya kwa UTF-8.

MwanaNkuhungu

Jamani, Tysha.

Mpunguzi_Juu

Zuzu, na runinga ikisoma maandishi ila video haina sauti?

Zuzu_Mnadani

Sauti ya video itakuwa ya aina ambayo runinga yako haiijui. Ijaribu kwenye kompyuta kwanza. Ikisikika huko, tatizo ni runinga, igeuze sauti iwe ya aina ya AAC, picha usiiguse.

Hombolo_Bwawani

Mpunguzi, umesema anakata kilo ngapi kwa kreti?